Mtani Akisema Ameiba

Modest alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, na alipenda muziki mzito kiasi cha kuwachosha majirani zake wote wa Chemchem, mjini Tabora. Hakutaka dansi wala zile nyimbo za kubembeleza. Alitaka gitaa linalokoroma, nyuzi zimelegezwa mpaka zinakaribia kuning'inia, amplifaya imefunguliwa mpaka mwisho, na kila pigo linakita kifuani. Mke wake Agnetha alisema wazi kwamba laiti angejua, siku ya posa angeuliza habari za gitaa kabla ya kuuliza habari nyingine yoyote.

Mkoromo wote ule ulitoka kwenye pikapu. Hapa hatusemi gari. Pikapu ya gitaa ni kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi, ndani yake mna sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Ndicho kinachozisikia nyuzi na kupeleka habari kwenye amplifaya. Zipo pikapu za upole kwa watu wapole. Ya Modest ilikuwa ya koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya huo, sumaku ya seramiki, waya umejazwa mpaka pomoni. Ukiupima ukinzani wa waya wake kwa mita, ilisoma kumi na sita nukta mbili, na Modest aliijua namba hiyo vizuri kuliko tarehe ya ndoa yake. Alishawahi kujaribu pikapu inayotumia betri, akasema ina nguvu lakini haina hasira.

Mwezi wa sita pikapu ikanyamaza ghafla. Modest alikuwa na safari ya wiki mbili Ulyankulu kufunga mageti ya ghala la tumbaku, kwa hiyo akalipitisha gitaa kwa Abasi, akamwachia.

Abasi alikuwa fundi wa redio na feni, kijana wa miaka thelathini na miwili, kibanda chake hatua chache kutoka sokoni. Alizaliwa Tabora na baba yake alizaliwa Tabora, lakini babu alikuwa Mzaramo aliyepanda na reli kutoka pwani, na hilo lilitosha. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wale wakiwa na pwani yao na hawa wakishuka na mizigo ya pembe kichwani. Kwa miaka kumi na mmoja Modest na Abasi hawakuwahi kusalimiana kwa heshima hata mara moja. Mmoja alitukana, mwenzake akajibu, na siku ikaanza vizuri. Modest hakuwa na rafiki wengi, maana mdomo wake ulikuwa mkavu, lakini pale kibandani aliweza kukaa saa nzima akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kama angeambiwa ataje kitu kimoja ambacho hangependa kukipoteza hapo mjini, angetaja gitaa, na angekuwa anajidanganya.

Aliporudi kutoka Ulyankulu alikwenda kibandani moja kwa moja.

"Mnyamwezi, mbona umekuja mikono mitupu?" Abasi akamwuliza. "Kichwa hakikuwashi bila mzigo?"

"Nimekuja kuona kama Mzaramo anaweza kufanya kazi ambayo haina ngoma ndani yake."

"Kazi imekwisha. Ila pikapu yako nimeiba. Nimekutoa utumbo nikaula, uliobaki utakutosha."

Wateja waliokuwapo wakacheka, Modest akacheka kuliko wote, akachukua gitaa lake akaenda nyumbani.

Alipolichomeka tu, kicheko kikamwisha. Gitaa lililia, hilo halikuwa na ubishi. Lakini halikuwa lile. Sauti ilikuwa nyeupe mno. Ukibana nyuzi nene kwa kiganja na kupiga, ule unene wa katikati uliokuwa ukimtetemesha ulikuwa umepungua, na ukiinua mikono gitaa lilibaki likivuma kidogo. Akachukua mita. Kumi na nne nukta nne. Akapima tena na tena, kwa matumaini kwamba mita ndiyo mbovu.

Kulwa, mpiga besi wake, alikuja jioni akasikiliza huku amekunja uso.

"Alisemaje alipokupa?"

"Alisema ameiba. Utani."

"Ndiyo," Kulwa akasema. "Mtani akikuambia amekuibia, unacheka unaondoka. Mimi ningekuwa mwizi, ningewaibia watani tu."

Kulwa alikuwa anajifurahisha, na kesho yake alikuwa ameshasahau. Modest hakusahau. Maneno yale yalimkaa kichwani na kila alipochomelea geti yalikuwa yanachomelewa naye. Akaanza kukumbuka mambo ambayo zamani hayakuwa na maana. Kwa nini Abasi alilifunga gitaa kwa gazeti? Kwa nini alisema neno utumbo? Kwa nini siku ile alikuwa na haraka ya kumhudumia mteja mwingine? Mtu akitaka kushuku hakosi pa kuanzia.

Jumamosi iliyofuata walialikwa harusi, na kwaya ya Moravian ikapiga. Mpiga gitaa wao alikuwa Justus, kijana mtaratibu anayefundisha shule ya msingi. Justus akakanyaga kile kipedali chake cha kukoromesha kwa kipande kifupi tu, labda nusu dakika, na masikio ya Modest yakasimama. Unene ulikuwa ule ule. Agnetha alimwona mumewe ameshika soda bila kuinywa mpaka wimbo ukaisha.

"Pikapu hiyo umeitoa wapi?" alimwuliza Justus nje.

Justus akacheka. Naye ni Mnyamwezi. "Kwa Abasi. Nilipomwuliza ya nani, akaniambia, 'Ni ya Modest, nimemwibia, usimwambie.'"

Modest akacheka pamoja naye, kwa meno tu. Akamwomba gitaa kwa siku moja, akitoa sababu ya kutaka kulijaribu, na Justus, ambaye hakuwa na neno, akampa.

Jumapili baada ya misa akamwita Kulwa, wakayalinganisha magitaa kwa utaratibu ambao hata polisi wangeuonea wivu. Magitaa yote mawili yalifungwa nyuzi mpya za aina moja. Waya mmoja, amplifaya moja, na vifundo vyake vikawekewa alama ya rangi ili visisogezwe. La Justus lilikuwa na kelele zaidi, kwa hiyo Kulwa akalipunguza, akipima kwa simu, mpaka yakalingana, kwa sababu sikio ni jinga, hupenda chenye kelele. Kisha Modest akageuzia uso ukutani, na Kulwa akawa anapiga pigo lile lile, mara kwa gitaa hili, mara kwa lile, bila kusema ni lipi.

Lile moja lilikuwa wazi. Hata ukipiga nyuzi nne kwa pamoja katikati ya mkoromo ungesikia kila moja ikisema neno lake. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa sifa. Lile la pili lilikuwa zito, linauma haraka na kuachia haraka, tumbo limejaa, na Kulwa aliponyamazisha nyuzi likanyamaza kabisa. Modest aliambiwa aseme lipi lina pikapu yake. Mara kumi aliulizwa, na mara tisa akataja la Justus. Wakapima. La Justus lilisoma kumi na sita kamili.

"Hiyo nukta mbili imekwenda wapi?" Kulwa akauliza.

"Imeliwa njiani," Modest akasema.

Angeweza kufungua pikapu zote mbili akaangalia. Lakini vile vitu vimezibwa kwa nta, na mkono uliozoea nondo aliogopa kuuingiza kwenye waya wa namna ile. Angeweza pia kwenda kuuliza, akiwa amekunja uso kidogo, na habari ingeishia hapo. Agnetha alimpa njia iliyo nyepesi zaidi.

"Nenda kachukue feni yake moja, uje ukae nayo hapa. Akitaka feni yake atasema pikapu iko wapi. Si ndivyo watani wanavyofanya?"

"Hili si la utani."

"Nani kasema?"

Modest alikuwa ameumia, na aliyeumia huona aibu kuchekeshwa. Kilichomchoma hakikuwa pikapu peke yake. Ni kule kuwaza kwamba kicheko chote cha miaka kumi na mmoja kilikuwa pazia, na yeye nyuma yake alikuwa mjinga anayeibiwa huku anashukuru.

Jumatatu asubuhi akapeleka malalamiko ofisi ya mtaa.

Mwenyekiti alikuwa Bi Sikuzani, mama mnene mwenye sauti ndogo, aliyesuluhisha ugomvi wa kuku na mipaka ya viwanja kwa miaka mingi. Alimwita Abasi, akamwita na Justus aje na gitaa lake. Abasi aliingia akitabasamu, akaangalia magitaa mawili mezani, akamwangalia Modest.

"Mama mwenyekiti, huyu Mnyamwezi mfungeni. Amenisingizia wizi mdogo. Mimi hadhi yangu ni kuiba treni."

Bi Sikuzani akacheka, Justus akacheka. Modest akaangalia dirisha. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kikaisha.

Bi Sikuzani akavuta daftari lake lakini hakulifungua. "Baba, nikuulize kwanza. Hili umelileta kama la utani au la kweli? Kama ni la utani, mimi naandaa chai, tunakunywa, mnatukanana, mnaondoka. Daftari nafungulia la kweli."

Abasi alimtazama Modest, bado na tabasamu, akisubiri kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu.

"La kweli," Modest akasema.

Tabasamu likaondoka usoni kwa Abasi, na tuseme ukweli, halikuondoka kwa haraka. Lilichukua muda kuamini. Kisha akaomba bisibisi, akaketi, na hakutania tena.

Alianza na gitaa la Justus. Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu, akaitoa pikapu, akaigeuza chini juu mbele ya mwenyekiti. Chini yake palikuwa na bati lililokatwa kwa mkono. Akalitoa. Vigurudumu vya ndani, vilivyozungushiwa waya, vilikuwa vimechongwa kwa kifuniko cha ndoo ya rangi, herufi tatu za jina la rangi zikisomeka bado. Sumaku zilikuwa zile za mlango wa kabati, kila moja na tundu lake la msumari.

"Hii nimeitengeneza mimi," alisema. "Ilikuwa majaribio. Nilipoifungua ya kaka Modest niliona jinsi ilivyozungushwa, nikaiga. Sikumwambia Justus kwa sababu watu hawataki kitu kilichotengenezwa hapa."

Kaka Modest. Modest alisikia neno lile, hakujua alipeleke wapi.

Kisha Abasi akafungua gitaa la Modest. Bati lilikuwa la kiwandani, safi, na maandishi ya kiwanda yamegandamizwa. Koili moja ilikuwa imejaa. Nyingine ilikuwa imekonda, ikafungwa upya kwa utepe mpya. "Waya ulikatika ndani. Njia pekee ilikuwa kuufungua kutoka nje, mzunguko kwa mzunguko, mpaka nifike palipokatika, nikaunganishe hapo. Uliotoka haurudi, ukishapinda unavunjika. Ndiyo maana namba imeshuka, na sauti imekuwa wazi."

"Ulimweleza?" Bi Sikuzani akamwuliza.

"Nilimweleza. Nilimwambia nimemtoa utumbo, uliobaki utamtosha."

"Ulimweleza kwa utani."

"Ndiyo, mama. Sikujua kuna lugha nyingine kati yetu."

Justus akainamia viatu vyake. Modest alitaka kusema samahani, akaisema, na ilitoka ndogo, ya ofisini. Abasi akasema hakuna shida. Akarudisha pikapu zote mbili mahali pake, akakaza kila skrubu, akazipandisha nyuzi sauti, akaaga kila mmoja kwa jina na kurudi kazini. Bi Sikuzani alirudisha daftari kwenye kabati bila kuandika kitu.

Modest alikaa wiki mbili bila kugusa gitaa. Aliona haya hata kupita njia ya sokoni. Agnetha hakumsema, na hilo lilimsumbua zaidi ya kusemwa. Mwishowe akapiga moyo konde. Njiani alitunga tusi, akalichagua vizuri, akalibadilisha mara mbili, tusi la kutosha kurudisha mambo mahali pake.

"Mzaramo!" aliita kabla hajafika mlangoni, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Umeamka, au umelala umekumbatia feni kwa kukosa mke?"

Wateja wawili wakageuka. Abasi aliweka chini chuma cha kulehemu. Akainuka, akachukua kitambaa, akafuta kiti vumbi na kukisogeza karibu na meza, upande wenye kivuli.

"Shikamoo, kaka Modest," alisema. "Karibu ukae."

Wale wateja hawakuona ajabu yoyote, mdogo amemwamkia mkubwa wake. Modest alibaki amesimama, akisubiri kitu kingine kifuate, neno lolote baya. Abasi naye alisimama, mikono imeshikana mbele, akingoja kuitikiwa.

"Marahaba," Modest akasema.

Abasi akamwuliza amsaidie nini.