Mkeka Ukutani

Maonyesho niliyoyajua mimi ni ya Nane Nane, ya ng'ombe na matrekta. Kwa hiyo Najat aliponiambia mkeka wangu utatundikwa ukutani, katika lile jengo la zamani karibu na bandari, nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Nikamwambia mkeka unatandikwa chini, watu wakaukalia. Akasema, "Dada Mwamvua, wewe njoo tu Jumamosi uone. Na mtoto umlete."

Najat ni msanii, binti wa hapa hapa Tanga, na kucha zake haziishi rangi. Alinikuta sokoni Ngamiani nikiuza mikeka, akaniagiza mmoja mkubwa wa maonyesho. Kabla sijapokea hata ukindu nilimpa masharti mawili: jina langu lisiandikwe popote, na sura yangu isionekane. Nilimweleza kwa ufupi. Nilitoka Mkwaja miaka miwili iliyopita pamoja na binti yangu Shadya, nikimkimbia mume wangu, Suleimani, aliyenibana kidole kwa mlango mpaka kikavunjika, kisha akaninyima talaka. Alikwisha kuapa mbele ya kaka zangu kwamba mimi niende nitakako, ila mtoto atamchukua, atamvusha mpakani Horohoro kwa ndugu zake, na sitamtia machoni tena mpaka nife. Suleimani si mtu wa kuapa bure.

Na kazi ya Suleimani ni kununua mikeka. Anazunguka Mkwaja na vijiji vya jirani, anakusanya, anapeleka Mombasa. Mkeka akiupapasa mara moja anakwambia umeshonwa na nani, kwa sababu sisi wanawake wa kwetu tunajuana kwa upindo. Kila nyumba ina namna yake ya kufunga ukingo wa mkeka. Mama humfundisha bintiye, na kuiga upindo wa nyumba ya watu ni aibu kubwa. Wetu una uzi mweusi unaoruka mara tatu na kurudi mara moja. Miaka miwili yote nilikuwa nikiuza mikeka yenye upindo wa hovyo, makusudi, na wateja walinisema nikanyamaza.

Sasa sikieni ujinga wangu. Najat aliponiletea ukindu alisema, "Usinifanyie wa sokoni, dada. Shona kama mama yako alivyokufundisha." Basi nikavimba kichwa. Nilishona miezi mitatu, Shadya akinisomea Juzuu Amma pembeni, na nilipofika ukingoni vidole vilikwenda vyenyewe. Uzi mweusi, tatu mbele, moja nyuma. Sikuwaza lolote. Nilikuwa na furaha, na furaha yangu haina akili hata kidogo.

Jumamosi asubuhi tukaenda, tumevaa vizuri kama wa harusini. Ndani mlikuwa na mambo. Viti vimening'inizwa miguu juu. Ndoo kuukuu iliyotoboka imewekwa juu ya meza na taa yake peke yake, na watu wazima wameizunguka wanatikisa vichwa. Kwangu ndoo za hivyo ziko tatu na hajaja mtu kuzitazama. Nikamnong'oneza Shadya, akaziba mdomo kwa mtandio asicheke. Ana miaka tisa sasa, amekuwa mrefu, na tangu mwaka jana anavaa miwani.

Mkeka wangu ulikuwa ukutani, peke yake, umenyooshwa kuanzia juu mpaka chini. Nikasimama. Sitadanganya, ulikuwa mzuri. Pembeni wamebandika kikaratasi: "Mkeka, ukindu na rangi. Fundi: mwanamke wa pwani ya kusini ya Tanga. Jina limehifadhiwa." Taa waliyoiweka ilikuwa inapiga moja kwa moja kwenye upindo. Pale ndipo nilipouona kama ambavyo angeuona Suleimani.

"Mama, kuna chumba cha sinema!" Shadya alikuwa amekwisha kuona pazia jeusi upande wa pili. Najat akamwambia aingie tu, avue viatu, ndani mmetandikwa mikeka. Akavua ndala zake akaingia. Nami nikamvuta Najat mkono.

"Huu mkeka uushushe," nikamwambia.

"Dada! Ndio unaopendwa kuliko vyote. Jina si halipo?"

"Jina liko pale," nikasema, nikamwonyesha ukingo.

Hakuelewa, na angeelewaje? Msichana wa mjini, mikeka ameisomea kwenye vitabu. Akanishika bega akanipeleka mlangoni, kwenye daftari la wageni, nione jinsi watu walivyosifu. Kweli walisifu. Hongera sana. Mashallah. Mmoja aliuliza kama ndoo inauzwa. Kisha ile ya mwisho ya jana, Ijumaa, kwa herufi zinazoegemea nyuma, ambazo nimezisoma miaka kumi kwenye vikaratasi alivyoniachia mezani kila alipokwenda safari: "Kazi nzuri. Fundi nimemjua. Nitarudi."

Ulikuwa mwandiko wa Suleimani. Nikaweka kidole hapo hapo.

"Huyu aliyeandika hapa," nikasema, "umemwambia nini?"

"Huyo baba? Mpole, mstaarabu sana. Alisimama kwenye mkeka karibu nusu saa. Alitaka kuagiza mingine. Jina sikumpa, wallahi, dada, sikumpa." Akasita. "Nilimwambia tu kwamba fundi mwenyewe atakuja Jumamosi, na binti yake. Nilidhani umepata mteja."

Nilikuwa nimekwisha kugeuka kuelekea lile pazia, na chini ya pazia, kando ya ndala za Shadya, niliona makubazi ya kiume. Makubazi ya ngozi, kisigino cha kushoto kimelika kwa ndani, kwa namna anavyokanyaga yeye. Nimeyapiga rangi makubazi hayo mara ngapi. Hayakuwapo tulipofika, au yalikuwapo nami nikapita nikicheka ndoo. Mpaka leo sijui.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini kelele ya nini? Nikiita "Shadya" atageuka yeye. Nikimwambia Najat amwite, ni jina lile lile. Nikisubiri nje, filamu itakwisha, taa zitawaka, naye atamwona mtoto wake amekaa hapo. Nilimfanyia Najat ishara anyamaze. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nadhani sasa alikuwa ameelewa. Nikashusha ushungi mpaka puani, nikavua viatu, nikaingia.

Giza. Nililoliona kwanza ni mikono yangu mwenyewe, mikubwa ukuta mzima, inasuka. Najat aliipiga picha nyumbani kwangu, na mimi nilikubali, kwa sababu nilikataza sura na mikono si sura. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda pale kilipovunjika, kikubwa kama mguu wa meza, kila mtu akione. Na aliyekivunja alikuwa amekaa mbele kwenye benchi, ameinamia goti, anakitazama. Nilijua mabega yake. Shadya alikuwa benchi hilo hilo, upande wake wa kushoto. Kati yao pangetosha mtu mmoja tu.

Nimewahi kuogopa. Niliogopa siku ya mlango, niliogopa asubuhi ile ya kutoka Mkwaja. Lakini haikuwa kama safari hii. Nilipiga hatua. Ubao wa sakafu ukalia chini ya mkeka. Nikasimama. Ukutani mikono yangu ikaendelea kusuka, haina habari. Nikapiga nyingine, na nyingine, nikanyoosha mkono nikamgusa mwanangu begani.

Shadya hakushtuka. Hakuuliza "nini, mama," kama anavyouliza kila kitu. Aliinuka taratibu, akaushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Hapo hapo picha ikawa nyeupe, ukindu umeanikwa juani, chumba kizima kikapata mwanga, na Suleimani akageuka.

"Mnaondoka?" akasema, kwa sauti ile yake ya watu wa nje, laini. "Haijaisha."

Nikakohoa. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Sauti yangu angeijua. Niliitikia kwa kichwa kwa adabu kama mama yeyote anayewahi jikoni, nikamweka Shadya mbele yangu, nikampa mgongo. Hatua sita mpaka kwenye pazia. Nilizihesabu. Kila moja nilisubiri mkono wake shingoni. Nyuma yangu nilisikia benchi likilia, nikafikiri ameinuka, kumbe alikuwa anakaa vizuri, aitazame mikono.

Viatu hatukuvaa, tulivibeba. Najat alikuwa amekwisha kuita bajaji, amesimama mlangoni na machozi tele, anasema, "Nisamehe, dada, nisamehe." Nilimwambia amcheleweshe yule mwanamume mle ndani kadiri awezavyo, amweleze hata habari za ndoo. Tukaondoka. Dereva aliuliza wapi, nikamwambia aende tu. Nyumbani singeweza kurudi. Kama alijua Jumamosi, huenda alijua na zaidi. Nilifikiria Kigombe, kwa shangazi yake mama, asikonijua mtu.

Tulipovuka reli nilimkumbatia Shadya nikaanza kucheka, kicheko cha ovyo kisichokoma. Alikaa naye benchi moja! Amekaa naye, mwanga umewaka, amemtazama usoni, hakumjua! Mtu anayejua mkeka wa kila mwanamke kwa kupapasa. Nikasema alhamdulillahi, nikarudia, nikarudia tena, nikambusu kichwani. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi namna ile.

Shadya hakuwa anacheka. Alikuwa amevua miwani, ameishika mapajani.

"Nilimjua alipoingia tu," akasema. "Nikanyamaza kama ulivyonifundisha."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Vizuri sana."

"Akaniambia, 'Sogea hapa, mtoto mzuri, uone vizuri.' Nikasogea. Akaniuliza, 'Unaitwa nani?'"

Dereva alipunguza mwendo kupisha baiskeli.

"Ukasemaje?"

"Nilimwambia Shadya." Akanitazama, macho yamejaa. "Mama, nilimwambia Shadya. Akasema, 'Jina zuri, binti yangu anaitwa hivyo,' akageuka akatazama mikono. Hata kwa jina hakunijua."