Usingizi wa Fundi Lifti

Usingizi wa fundi lifti ulifika nyumbani saa kumi jioni, kama ilivyo kawaida yake, ukapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kwa sababu lifti haikuutambua. Mkewe fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kushona magodoro, aliusikia ukihema kwenye kona ya ngazi. Akachomeka sindano yake kubwa begani mwa gauni, akafungua mlango. Usingizi ukampita bila salamu, ukaingia chumbani, ukajitupa kitandani juu ya ule wa jana na wa juzi, ukachanganyika nao. Kukoroma kukaongezeka kidogo.

"Nyamaza, Chiriku," mama akamwambia bintiye. "Baba amelala."

Chiriku, ambaye jina hilo hakulipata kwa ukimya, aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa na miaka minne, na baba aliyemjua ni huyo wa kitandani.

Mwenye usingizi alikuwa mjini kati, juu huko, akipaka grisi nyaya. Mji ulikuwa umeachana na usiku. Maduka hayakufungwa, taa hazikuzimwa, na lifti, ambazo zamani zilipumzika watu wakilala, sasa zilipanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Kampuni ikawaita mafundi wake kliniki, ikawapandikiza nyuma ya sikio kitu mfano wa punje ya dengu. Hakuna aliyelazimishwa. Aliyekataa aliambiwa asante, akapewa chai, na zamu zake akapewa mwingine. Tangu siku hiyo fundi lifti hakupiga hata mwayo. Ambalo kampuni haikulieleza, labda kwa kuwa hakuna aliyeuliza, ni kwamba kitu kikitolewa mahali sharti kiende mahali. Usingizi ulikwenda nyumbani, maana ndiyo njia pekee uliyoijua.

Wa kwanza ulikuwa mdogo kama paka, wenye rangi ya ukuta wa chumba kilichofungwa pazia. Mama Chiriku akaukaribisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini usingizi utaupa jembe gani? Ukakaa, ukaongezeka, ukanenepa. Ukapata mabega ya mumewe na kile kijasho chake cha shingoni. Mama hakulalamika sana. Biashara ya magodoro haikuwahi kumnyookea vile, kwani kila nyumba yenye mtu wa zamu ilikuwa na usingizi uliolala kutwa, na usingizi usio na mtu ndani yake ni mzito: hulikandamiza godoro la pamba likawa mkeka.

Jioni hiyo hiyo mlango uligongwa kwa mpini wa ufagio. Alikuwa jirani wa chini, mwalimu mstaafu, chokaa imemmwagikia kichwani.

"Mama Chiriku, mwambie mumeo ageuke ubavu. Dari langu linashuka. Siku hizi nachana nywele nimekaa."

"Mume wangu yuko kazini, Mwalimu. Na wewe nywele huna."

"Ndiyo zimekwisha hivyo, kwa kusuguliwa na dari." Akachungulia chumbani, na mzaha ukamtoka. "Hee! Mwenyewe hajaulala tangu lini?"

"Tangu mtoto hajaanza kutembea."

"Basi tazama sana. Usingizi usiompata mwenyewe hutafuta mtu. Jengo la pili hapo, ule wa dereva wa treni umemwingia mama mkwe wake. Sasa wanamfuta vumbi kama kabati."

"Hajaamka?"

"Ataamkaje, na usingizi si wake?"

Mama Chiriku akacheka kwa adabu, akafunga mlango, akakihamishia kitanda cha mtoto jikoni.

Haikusaidia. Mpira wa mtoto hauna adabu. Kesho yake ulibingirika mpaka chini ya kitanda cha baba, Chiriku akaufuata, na alipotoka akauegemea ule ubavu wenye joto, maana ulikuwa wa baba yake. Mama alimkuta pale, kinywa wazi, mkono wa usingizi umemzunguka. Akamchomoa, akamtikisa, akamwita, akampaka maji usoni, akamsugua nyayo. Mtoto alilala mchana huo na siku ya pili nzima. Mara moja tu alisema neno, kwa sauti nzito ya mwanamume: "Shusha taratibu. Taratibu, bwana, kuna mtu ndani." Alipoamka aliomba spana, halafu akaomba maji.

Mama akapiga simu.

"Baba Chiriku, njoo ulale."

"Niko ghorofa ya sitini, mama. Kuna watu wamekwama."

"Usingizi wako unamtaka mtoto."

Fundi akasema, "Naomba ruhusa."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpa saa moja ya siku ya tatu yake, akamshika bega. "Nenda kalale, ndugu yangu," alisema, "ila usichelewe kurudi."

Kabla siku ya ruhusa haijafika, mama Chiriku alikuwa ameshona godoro jipya, akalishindilia pamba mpaka sindano ikapinda. Alikuwa amepiga hesabu yake kimoyomoyo: mtu na usingizi wake wakishashikana, hakuna msimamizi wa kuwaachanisha. Kama ni mwaka, na uwe mwaka. Vumbi atamfuta yeye mwenyewe, tena kwa furaha.

Fundi alipofika alibisha hodi, kwa sababu funguo alishasahau alikoziweka. Chiriku ndiye aliyefungua. Alimwona mtu mrefu mwenye nguo za grisi na macho makavu kama vifungo.

"Shikamoo," alisema kwa sauti ya chini, kidole mdomoni. "Usipige kelele. Baba amelala."

Mtu yule akainama, akavua viatu, akavishika mkononi.

"Marahaba," alinong'ona, akaingia kwa ncha za vidole.

Mkewe akamwongoza chumbani. Fundi akajilaza ukingoni mwa godoro, akafumba macho. Macho yakafumbuka yenyewe. Akausogelea usingizi wake, akauwekea paji la uso kifuani. Ile dengu nyuma ya sikio ikapata moto. Usingizi ukaguna, ukavuta shuka lote, ukamgeuzia mgongo.

"Jaribu tena," mkewe alisema.

Alijaribu. Alibaki pale amekodoa macho kama samaki wa sokoni, akijisikiliza.

"Kumbe nakoroma hivi?" aliuliza. "Na ulikuwa unanivumilia?"

"Wewe ulikuwa na nafuu. Ulikuwa ukipigwa kiwiko unanyamaza."

Saa ilikwisha. Fundi akainuka, akaurudishia usingizi wake shuka pale lilipoanguka miguuni.

"Hicho kidude hakitoki?" mkewe aliuliza.

"Niliwauliza. Kimeshaota mizizi."

Mlangoni, akifunga kamba za viatu, alisema bila kuinua kichwa: "Wiki ijayo wanatutoa njaa. Wanasema lifti zinasimama tukienda kula."

"Na wewe umekubali?"

"Kuna wenzangu walikataa," alisema. "Wakapewa chai."

Kuanzia siku hiyo mama Chiriku alitandika godoro kuukuu kati ya chumba na jikoni, akawa analala hapo, kwa sababu mkono wa usingizi ulikuwa umeshanyooka mpaka kizingitini na vidole vinapapasa. Usingizi uliomgusa aliulala yeye, usimfikie mtoto. Aliamka mzito, ameota nyaya, na mishono yake ikaanza kwenda upande. Mwalimu alipanda kumshukuru: dari lilikuwa limerudi juu kidogo.

Wiki iliyofuata, saa kumi jioni, alisikia mihemo miwili kwenye kona ya ngazi. Akachomeka sindano begani, akafungua mlango. Mbele ulikuja usingizi. Nyuma yake kilikuja kitu chembamba chenye masikio ya mumewe, mkono mmoja tumboni, mmoja umeshika ukingo wa ngazi.

"Karibuni," alisema.

Usingizi ukaenda chumbani. Njaa ya fundi lifti haikwenda huko. Ilikwenda moja kwa moja mezani, ikavuta kiti, ikakaa mkabala na Chiriku, ikaikazia macho sahani yake.

"Mama," Chiriku alinong'ona, "huyu nani?"

"Baba. Ametoka kazini."

Akaongeza sahani, akavuta kigoda chake, akakaa katikati yao.