Wati Tano za Dady

Kampuni iliyotengeneza soketi za WiFi za Mwadi ilikuwa imefunga seva yake, na tangu hapo soketi zote sita za kioski chake cha kuchaji, kando ya barabara ya Mashamba, zilikuwa hazipokei amri. Mwadi alichomoa ya nne, akaifungua, akachomelea nyaya nne nyembamba. Alifuta programu ya kiwandani, akaingiza nyingine aliyojifunza mwenyewe, kisha akairudisha ukutani.

Programu mpya ilionyesha kitu ambacho ya zamani haikuonyesha. Saa kumi na mbili jioni soketi ya nne ilikuwa ikila wati tano, na hakuna kilichochomekwa.

Hapo ndipo mchimbaji Dady alipozoea kuchajia taa yake ya kichwani. Shimo lilikuwa limemfukia siku kumi na moja zilizopita, mwili wake haukutolewa, na matanga yalikuwa yamekwisha.

Mwadi alimwita Wivine, mke wa Dady. Wivine alifika na unga mikononi, akaitazama namba kwenye simu.

"Njo yeye, Dady mwenyewe," alisema. "Anachajaka saa hii hii."

Akainamia soketi, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Papa Gloire, unanisikia? Ukatishe umeme mara moja kama ni ndiyo, mara mbili kama ni hapana."

Namba ilishuka hadi sifuri mara moja, ikarudi tano.

"Unataka bakutoshe, bakuondoe kule chini?"

Mara moja.

Wakamwita Blanchard, mwenye shimo, ambaye wachimbaji walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Alikuja mwenyewe, akavua kofia mbele ya soketi.

"Dady, mupendwa, pole na kazi. Udongo iko mupaka ku kifua?"

Mara moja.

"Pole sana. Na mushipa ya cobalt, inaenda kushoto?"

Mara mbili.

"Kuume?"

Mara moja.

Blanchard alicheka. "Alipokuwa muzima alikuwa anatufichaka. Leo njo anasema kweli."

"Na kumutosha, PDG?" Wivine aliuliza.

"Mama, tulia. Courant ya umeme si anapata?"

Kesho yake shimo jipya lilianzwa upande wa kuume, hatua arobaini kutoka alipo Dady. Wivine alikuja kila jioni. Alipomwuliza kama anasikia milio ya kuchimba, Dady alikatisha mara moja, naye akamwambia kwamba ni watu wanaokuja kumtoa.

Wiki iliyofuata Blanchard alileta katoni ya soketi na karatasi yenye majina manane ya wachimbaji wa shimo jipya.

"Mama Mwadi, utie ile programu mu hizi. Kila mutu na yake, mbele ya kuanza kushuka ku shimo."

Wachimbaji wenyewe walikuwa pale wakisubiri taa zao. Mmoja, Elisée, aliomba soketi yake ifungwe chini, karibu na benchi. Mke wake alikuwa mjamzito; akija kuzungumza naye jioni, angehitaji kuketi.

Mwadi akapima sentimita thelathini juu ya benchi, akaandika jina la Elisée ukutani.