Macho ya Mgongoni

Miji niliyopita ni mingi, na kote dereva ni yule yule: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu. Ndiyo maana sisi wabeba mikate wa tanuri moja la mjini tulikwenda wawili wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Kreti zikishafungwa kwenye baiskeli, wa mbele hawezi kugeuka. Akigeuka tu, mzigo unamvuta. Wa nyuma ndiye macho yake. Anaita "dogo" kwa gari dogo, "kubwa" kwa lori, na wa mbele anabana pembeni bila kuuliza.

Mwenzangu wa mbele tulimwita Redio, kwa kuwa akianza kusema hakuna aliyejua pa kumzimia.

Asubuhi moja lori lilinipita nusura linikwangue bega, dereva kainamia simu. Niliita "kubwa", nikaita tena. Redio akaenda vile vile, katikati, anapiga mluzi. Kioo cha pembeni cha lori kikanasa kreti ya juu, yeye akatupwa mtaroni na mikate yake. Dereva hata breki hakugusa.

"Ulilala huko nyuma, mzee wangu?" aliniuliza, anatema vumbi.

"Nimeita mpaka koo limekauka."

Aliokota mkate, akaupangusa kwa muda mrefu. Ndipo akasema sikio lake la kulia lilikufa tangu alipougua homa kali, na la kushoto linaaga. "Huwa natazama nyuso za watu wa pembeni. Wakikodoa macho, nabana. Leo hapakuwa na mtu. Mke wangu asijue, ataniondoa barabarani."

Nyumbani kwake, mkewe, fundi cherehani, alimsafisha kiwiko, akamwekea chai. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, wewe ndiye ulikuwa nyuma?"

"Ndimi."

"Uliita?"

"Waulize hao wenye malori."

"Sijauliza malori."

Akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mumewe, akaita "kubwa" kwa sauti ya barabarani hasa. Mtoto aliyelala chumba cha pili akaamka, akalia. Redio akachovya mkate kwenye chai, akaendelea kunieleza kwamba mkate ukipita mtaroni unaongezeka chumvi. Halafu akaniangalia usoni, akaona nimekodoa macho, akauweka mkate chini.

"Nikiacha baiskeli nitafanya nini?" aliuliza, bila kugeuka.

Mkewe alizunguka mbele yake ili Redio amwone midomo. "Utaishi."

Mchana ule ule mkewe alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa tanuri. Redio akahamishiwa ndani, kwenye mashine ya kukandia unga, inayonguruma kutwa nzima. Nikienda kupakia ananipangia kreti bila kuinua kichwa. Juzi nilimgusa bega, nikamuuliza hali.

"Nipo," akasema, akarudi kwenye unga.

Nyumbani pia haongei.

"Usiku namsikia anapumua," shemeji aliniambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Nimeridhika na hicho."

Hakuonekana kama mtu aliyeridhika.