Radhi ya Kwenda Baku

Mie nilishachoka kabla Aflah hajafungua mdomo. Nimechoka tangu meli ile ya mwaka wa sitini na nne, iliyotutoa Unguja ikatushusha hapa Maskati mimi na yeye peke yetu, na baba yake, Yaarub, tumemwacha kule hata kaburi lake hatulijui. Sasa mtu kama mimi, mwaka wa sitini na saba, mwanawe wa pekee anamjia baada ya sala ya alasiri, anakaa chini, anamshika miguu.

"Mama, nataka radhi yako. Nakwenda kusoma."

"Kusoma wapi?"

"Baku. Wenzetu walioko Kuwait wamenipatia nafasi. Nitasomea uchumi."

Loo! Nilitamani kucheka. Kila mtu hapa anajua mambo yalivyo. Sultani hampi kijana ruhusa ya kutoka kwenda kusoma, na anayetoka kwa kujiiba hana pa kurudia. Basi mwanangu ananiomba nimuage kama maiti, na miguu yangu kaishika kwa adabu kabisa.

"Na mie nikifa, nani atanitia kaburini?" nikamuuliza. "Haya, radhi sikupi. Kama waweza kwenda bila yake, mlango huo."

Nilijua hawezi. Nimemlea mwenyewe. Mtoto wetu sie, aliyelelewa akaleleka, hendi mbali bila ya radhi ya mama. Akenda, likimfika lolote huko atajua limetoka wapi. Hapo ndipo nilipomshika, na wallahi sikukusudia kumwachia.

Hiyo Baku haikumjia ndotoni. Ilitoka chumba cha mbele. Nyumba yetu ya Darsait ina chumba kinachotazama njia, nami nimempangisha mzee mmoja, Mirza Alasgar, Muazerbaijani, mtu wa Baku hasa. Tajiri mmoja wa Matrah alimtoa Basra aje kumfanyia hesabu za biashara yake. Tajiri akafa, mzee akabaki hana kwa kwenda. Amepindukia themanini. Anakunywa chai na bonge la sukari shavuni, na iliki yangu anaitema pembeni akidhani simwoni. Twazungumza Kiarabu, chake cha Basra, changu cha Unguja, na tukitaka kuelewana twaelewana.

Ujanani alikuwa mtu mkubwa. Nchi yao wakati huo iko chini ya Tsar, mfalme wa Warusi. Mirza alisomea uchumi, akarudi kwao, akawa anaandika magazetini kwamba mafuta ya Baku yanatajirisha watu wa mbali na wanaoyachimba wanalala na njaa. Watu wakampenda, wakamchagua kwenye baraza la mji. Tsar akamfunga, kisha akampeleka uhamishoni Astrakhan. Tsar alipoanguka wakaunda serikali yao wenyewe, Mirza akatiwa kwenye hazina. Haikutimiza hata miaka miwili, Warusi wakarudi kwa jina jingine, naye akakimbia. Hayo ndiyo Aflah aliyokuwa akiyasikiliza kila siku. Na mwaka huu huu meli ya kwanza imechukua mafuta yetu sie, kwa hivyo akili yake ikawaka moto.

Nikamwendea Mirza chumbani kwake, sikubisha hodi. "Umemtia mwanangu wazimu," nikamwambia. "Sasa mtoe."

"Nimwambie nini, Umm Aflah?"

"Yaliyokupata."

"Kweli tupu?"

"Kweli yako yatosha kumkimbiza jini, Mirza. Mwambie asende."

Akapangusa miwani yake kwa ncha ya shati. "Nitamwambia asende," akasema. "Hata mie simtakii maisha yangu."

Tukakaa kesho yake alasiri, watu watatu juu ya mkeka, na birika la kahawa mbele yangu. Mwanzo nilijuta. Aflah alimuuliza habari za visima, nani alikuwa akikodi ardhi, fedha zilikwenda wapi, na mzee yule macho yakamng'aa, akaanza kuchora kwa kidole kwenye mkeka, hili fungu la mfalme, hili fungu la makampuni, hiki ndicho wanachopata wachimbaji. Nikakohoa. Akanitazama, akakunja kidole chake.

Basi akaeleza. Alieleza jela ya Tsar, kuta zilivyokuwa zikitoka maji. Alieleza wenzake aliokaa nao katika serikali, mmoja mmoja kwa jina lake, na kila mmoja alipigiwa risasi wapi. Alieleza mkewe alivyomfia ukimbizini Tabriz, hana hata fedha ya sanda, ikabidi jirani wachangishane. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Mie niliyemtuma nilitaka kumwambia yatosha, mzee, yatosha.

"Nimefanya siasa na uchumi maisha yangu yote," akamaliza. "Mafuta yangali yanakwenda mbali, na mie niko Darsait. Usende, mwanangu."

Aflah aliinamisha kichwa. Nikajua nimeshinda. Nikammiminia Mirza kahawa.

Kijana akauliza, kwa heshima tu, kama anayefunga mazungumzo: "Na mamako, bwana Mirza? Alikupa radhi ulipoanza mambo haya?"

Mzee akakiweka kikombe chini.

"Kwetu mama husema, maziwa yangu nimekuhalalishia," akasema. "Siku niliyoingia barazani mama yangu alisimama mlangoni akanambia, usende, watakuua. Nikamwambia lazima. Akasema, basi maziwa yangu sikuhalalishii. Nikacheka. Nilikuwa nimesoma, nikaona haya ni maneno ya wanawake wa zamani. Akafa mie niko Astrakhan. Jela nimeisahau. Nchi nimezoea kuwa sina. Hilo sijalizoea."

Aflah akaubusu mkono wangu. "Siendi, mama," akasema. "Yamekwisha."

Ingekuwa mie mtu wa kufurahi ningefurahi. Nilimshukuru Mungu, nikapika biriani siku ya pili. Lakini we! Mtoto kabaki, na mtoto hayupo. Nikimtuma maji analeta. Nikimwita anaitika, labeka mama. Anakwenda Azaiba kubeba mizigo kwenye kambi ya watu wa mafuta, anarudi, anakula, ananiuliza kama nataka kukandwa miguu. Hanuni. Bora angenuna, ningepata wa kugombana naye. Chumba cha mbele hakiingii tena. Mwezi ukapita hivyo, ukaingia mwengine, na nyumba nzima imelala chali.

Nikamvamia Mirza tena. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Ulichoniagiza."

"Sikukuagiza umuue!"

Mzee alikuwa kachoka kuliko mimi, na mie kwa kuchoka si haba. "Umm Aflah," akasema, "miaka yote hii watu wanadhani najuta kwenda. Sijuti kwenda. Hata risasi wangenipiga nisingejuta. Mie nilitaka kwenda na nilitaka lile neno. Nilivitaka vyote viwili, na mama yangu alikuwa na uwezo wa kunipa vyote viwili. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwake. Halimgharimu kitu."

"Halimgharimu?" Nilipandwa na hasira nikasahau kuwa yeye mzee. "Wewe umezaa? Halimgharimu! Anamtoa mwanawe kwa ulimi wake mwenyewe, na wewe wasema halimgharimu! Kaa kimya, Mirza!"

Akainama, akasema taratibu, "Nisamehe. Hilo sikupata kulifikiri."

Nikatoka. Nikafua nguo ambazo ni safi. Nikazianika, nikazianua zingali mbichi, nikamkuta Aflah uani anatengeneza kamba ya kisima. Nilitaka kusema kwa upole, lakini yakatoka kwa ukali, ndivyo nilivyo.

"Lori la kwenda Dubai linapita lini?"

"Lori gani, mama?"

"Usinifanye mjinga! Lori lako la ndimu kavu, lile la Azaiba ulilopanga kutorokea. Linapita lini?"

"Ijumaa," akasema. Kamba ikamtoka mkononi.

Nikaketi pale pale chini. "Njoo," nikamwambia. Akaja. Nikamwekea mkono kichwani, nywele zake zimejaa vumbi. "Nakupa radhi, Aflah. Radhi ya moyo, si ya mdomo. Maziwa yangu halali yako, ukirudi na usiporudi. Likikufika huko la kukufika, halikutoka kwangu. Umesikia? Halikutoka kwangu."

Alilia mtoto yule, mwanamume mzima na ndevu zake. Mie sikulia. Nilikuwa nimechoka mno, nikamwachia alie kwa niaba yetu wote wawili.

Ijumaa akaondoka asubuhi, na kifurushi kimoja, hakugeuka nyuma kwa kuwa nilimkataza. Nikasimama mlangoni mpaka njia ikawa tupu. Nilipogeuka, Mirza Alasgar kasimama kwenye kizingiti cha chumba chake, kofia yake kaishika mkononi.

"Lile neno ulilompa kule uani," akasema. "Lirudie, tafadhali."

Nikadhani masikio yake, uzee. "Nimemwambia nimempa radhi, Mirza."

"Lile jingine."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama yake, yule aliyesimama mlangoni. Nami ningeweza kuwa mwanawe, kwa umri wake! Nikamsogelea, nikamwekea mkono juu ya kile kichwa cheupe, akainama ili nikifikie.

"Maziwa yangu halali yako, mwanangu," nikamwambia.