Upande wa Dirishani

Gunia la maharage ya mbegu lililazwa juu ya kichanja katika chumba cha nyuma, na lilikuwa na pande mbili. Upande wa mlangoni ulikuwa wa fundi seremala, upande wa dirishani wa mkewe. Hakuna aliyepanga hivyo. Ndivyo walivyosimama siku ya kwanza, na mazoea yana taabu.

Majirani walimwita seremala huyu Kimya, na hawakumwonea. Ukimsalimu aliitikia, ukimuuliza habari za nyumbani alisema nzuri, basi, mazungumzo yamekwisha. Mbao hazitaki kuongeleshwa, naye alidhani watu ni vivyo hivyo.

Kazi ya kugeuza gunia walifundishwa na bwana shamba. Fukusi hutaga mayai humo humo kwenye maharage, aliwaambia, na buu likianguliwa hutaka kutoboa punje liingie. Lakini ni dogo mno. Lazima liegemee punje ya jirani ndipo lipate nguvu. Basi geuzeni gunia asubuhi na jioni, punje zibingirike, buu likose pa kuegemea. Litaanza upya, nanyi mtageuza tena, mpaka life kwa kuchoka. Sumu haihitajiki, ila gunia lisijae sana, na kusiwe na siku ya kuruka.

Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi, mume na mke walikamata masikio ya gunia, huyu huku na yule kule, wakageuza. Maneno yote yalikuwa ya mke. Alisimulia nani kaoa na nani kanuniana na nani, akawatukana fukusi na ukoo wao mzima. Kimya aliguna. Kwake kule kuguna kulikuwa mapenzi tele, ila hakuwahi kumwambia mtu, hata mpendwa mwenyewe.

Kisha binti yao akajifungua mapacha huko mjini, na mama akaenda kumsaidia kulea.

"Nitarudi kabla ya kupanda, baba," alisema akifunga mzigo. "Hilo gunia ligawe mara mbili, utaliweza peke yako."

Mume akaguna.

Hakuligawa, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. Mifuko mitupu ilikuwepo, imekunjwa vizuri juu ya kabati. Lakini mfuko wa kugeuzwa na mtu mmoja ni wa nyumba ya mtu mmoja, naye mke alikuwa naye, kasafiri tu. Basi kila asubuhi na kila jioni alisimama pale pale mlangoni, akainua upande wake, akautikisa, akaugeuza kadiri ulivyokubali. Upande wa dirishani uliyumba kidogo ukatulia. Kule hakwenda. Aliona haya kusimama mahali pa mwenyewe.

"Unageuza?" mkewe aliuliza kwa simu.

"Nageuza."

"Vizuri."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vicheko, redio, vijiko vikigonga sahani. Simu ilipokatika Kimya alibaki ameishika sikioni. Upweke ulimuuma, na hakuwa na wa kumlaumu. Alikula amesimama jikoni, akaosha sahani moja, akatafuta kingine cha kuosha.

Mvua za kupandia zilifika, mama hakufika. Kimya alifungua gunia akamwaga maharage juu ya turubai, yakalala kama yalivyokuwa ndani. Ya mlangoni yalikuwa mazima, yanang'aa. Ya dirishani yalikuwa matundu matupu na unga, na fukusi wakitembea juu yake bila wasiwasi. Alichuchumaa akayatazama kwa muda, kisha akapiga simu.

"Mama, upande wako umeliwa wote."

"Upande wangu upi?"

"Wa dirishani. Mimi nilikuwa nageuza wangu."

"Si nilikuambia uligawe?"

"Ningeligawa, ingekuwa nimekubali kwamba hurudi. Nyumba imenishinda. Nakukumbuka asubuhi, na jioni nakukumbuka vile vile."

Mtoto alilia huko, akabembelezwa, akanyamaza.

"Maneno haya," mkewe alisema taratibu, "ulikuwa umeyaweka wapi?"

Kimya aliokota punje moja yenye matundu, akaigeuza kiganjani.

"Sirudi, baba. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Sijakukasirikia, wala hujanikosea kwa mkono. Ila huku nikisema neno, naambiwa neno. Nilishasahau kama inawezekana."

"Nimesikia."

"Panda yaliyo mazima. Usiyachanganye na hayo mabovu, fukusi watahamia."

"Sawa."

"Na chakula ule ukiwa umekaa."

Alichambua punje moja moja hadi mgongo ukamuuma. Za kupanda aliziweka kando, na nzima zilizobaki akazitia katika mfuko mdogo aliouteremsha kabatini. Mabovu akayatoa nje akayachoma. Aliporudi aliuweka mfuko katikati ya kichanja, akasimama mbele yake.

"Mvua imeanza vizuri mwaka huu," alisema kwa sauti.

Akangoja. Chumba kilikuwa kimya, naye aliendelea kungoja, mpaka akajua mkewe alikuwa akingoja nini miaka yote ile. Kisha akaukamata mfuko, akaugeuza.