Kitabu Chenye Picha Nzuri

Pap! Nikiwa stoo gizani natafuta viazi, nilisikia kitabu changu kipya cha mapishi kikijifunga mezani. Kwa picha hakina mpinzani. Kukaa wazi tu ndiko kunakokishinda. Nikarudi, nikafungua harakaharaka. Kikasema tia mdalasini na sukari, nami nikatii. Kumbe ulikuwa ukurasa wa keki, na mimi napika supu ya samaki!

Mama mkwe Solveig alishawasili. Akiridhika, Krismasi tungepika sisi.

Akaonja. “Mwanangu, ladha hii inasisimua!”

Hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, hakuna anayesema chakula ni kibaya, lakini nilitaka kuamini. “Nikuongeze, mama?”

“Ongeza tu, bakuli limekauka.”

Binti yangu Ylva akachungulia chini ya meza.

“Bibi anamlisha paka samaki wake.”